Uzi: Kabla ya mishale, chora njia. Tuongee michoro ya visa kwa mifumo mikubwa

#1 Mchora_Njia

Wakuu, heshima zenu.

Kule kwenye uzi wa ajira za madevelopa kijana mmoja aliuliza swali likapita hivihivi: mfumo ukishakuwa na huduma kibao zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, mtu mgeni anauelewaje? Akaambiwa "soma msimbo". Hilo si jibu. Msimbo unakuonyesha kila huduma inafanya nini ndani kwake. Haukuonyeshi ombi la mteja limepita wapi tangu alipobonyeza mpaka meseji ikamfikia. Ile njia haimo kwenye faili lolote, imetawanyika kote.

Nataka tuzungumzie michoro inayoanzia kwenye kisa: mtu kafanya hivi, mfumo ukafanya vile, ikaishia hapa. Wengi wetu tunaujua mmoja tu, mchoro wa mfuatano wa UML (lugha ya kawaida ya kuchora mifumo), ule wa nguzo za wima na mishale ya kwenda na kurudi huku muda ukishuka chini. Nautumia kila siku. Ila nadai kwamba unaletwa mezani mapema mno. Ukianza nao, kikao cha kwanza tu mnagombania jina la API (mlango ambao huduma moja inaiitia nyingine) na kama namba ya jibu ni 200, "tayari", au 202, "nimepokea", wakati hakuna aliyekubaliana na mwenzake kisa chenyewe kinaishaje.

Kuna mchoro unaokaa kabla ya huo. Kwa kifupi unaitwa UCM (Use Case Maps), mimi nauita ramani ya visa. Aliyeubuni ni Ray Buhr wa Chuo Kikuu cha Carleton, Ottawa, Kanada, katika miaka ya 1990, na kitabu alichoandika na Ron Casselman kilitoka 1996. Ottawa ya wakati ule ulikuwa mji wa watu wa mitambo ya simu, Nortel, kampuni ya mitambo hiyo, walikuwa na maabara zao pale, na shida yao ndiyo hii yetu ya leo: kazi nyingi zinaendelea kwa wakati mmoja, kila moja sahihi ukiitazama peke yake. Novemba 2008 ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wakauingiza mchoro huu kwenye pendekezo lao Z.151, ukiambatana na lugha ya kuchora malengo iitwayo GRL.

Alama zake ni chache. Kitone cheusi ni mahali kisa kinapoanzia. Kutoka hapo unavuta mstari mmoja, hata ukipinda si neno, mpaka kwenye kijistari cha kukata ambacho ndicho mwisho. Juu ya mstari unaweka misalaba, kila msalaba ni jukumu moja: hakiki, kata, andika, tuma. Halafu unachora masanduku ya sehemu za mfumo chini ya mstari, ili kila msalaba uangukie ndani ya sanduku la mwenye kazi yake. Almasi inamaanisha "hapa kuna ramani nyingine ndani".

Mshale wa meseji kati ya huduma na huduma haupo hata mmoja. Hilo wamelifanya kwa makusudi.

Mfano, mteja anatoa pesa kwa wakala:

●──✕a──✕b──◇──✕c──✕d──┃──✕e──┤
                      ┗──✕f──┤

a: hakiki namba ya siri
b: hakiki namba ya wakala
◇: kokotoa makato
c: angalia kama salio linatosha
d: hamisha pesa
e: meseji kwa mteja
f: meseji kwa wakala

c na d zimo ndani ya sanduku la leja, yaani daftari la salio za wateja. Mpaka hapo hakuna jipya, mtasema. Sasa chora kisa cha pili juu ya karatasi ileile: mteja huyuhuyu ana mkopo wa simu, na mfumo unakata deni wenyewe kila akiingiziwa pesa. Njia hiyo inaanzia kwenye kitone kingine kabisa, inaingia kwenye sanduku lilelile la leja, na inaukata mstari wa kwanza *katikati ya c na d*. Mteja ana 50,000. Anatoa 45,000, c inasema salio linatosha. Kabla d haijafika, kijipesa kidogo kimemwingilia na deni la 20,000 limekatwa. d inakuja kuhamisha pesa ambayo haipo tena.

Kwenye mchoro wa mfuatano hivyo ni visa viwili, kurasa mbili, na huenda vimechorwa na timu mbili ambazo hata chai hazinywi pamoja. Kila ukurasa uko safi. Kwenye ramani unaweka kidole mahali mistari inapokatana na kuuliza nani anapita kwanza. Dawa yenyewe inajulikana na kila aliyewahi kushika kanzidata: c na d ziwe kitendo kimoja kisichogawanyika, au uzuie kiasi cha muamala kabla hujaendelea. Kazi ni kuliona tatizo kabla ya mteja.

Karibuni, pingeni.

---

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, hicho kijiti ┃ kina tofauti gani na njia kugawanyika kawaida tu?

---

#3 Mchora_Njia

Swali zuri. Njia ikigawanyika bila kijiti, kisa kinachukua tawi moja: ama salio linatosha ama halitoshi. Ikigawanyika kwenye kijiti, matawi yote yanakwenda kwa pamoja. Na kwenye kuungana ni hivyohivyo: bila kijiti, yeyote akifika anapita, penye kijiti, wa kwanza anamngoja mwenzake.

Usione ni jambo dogo. Hebu fikiria mtu ameziunganisha njia za e na f kwa kijiti kabla ya alama ya mwisho. Maana yake muamala haujaisha mpaka meseji *zote mbili* ziwe zimetumwa. Siku huduma ya meseji inakwama, kutoa pesa kote nchini kunakwama nayo. Kijiti kimoja tu. Mimi nimeziacha e na f kila moja na mwisho wake, na nikiulizwa na watu wa biashara nawaambia wazi: pesa ikishahama, muamala umeisha, meseji ni taarifa tu.

---

#4 Msimbo_Hausemi_Uongo

Samahani mleta uzi, mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu.

Michoro hii nimeiona chuoni. Unaichora vizuri, unapiga picha, unaiweka kwenye kabrasha la mradi, baada ya miezi mitatu mfumo umebadilika na mchoro umebaki unadanganya. Mchoro unaodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa na mchoro, kwa sababu mgeni atauamini. Msimbo ndio ukweli. Mengine ni karatasi za kuwafurahisha mameneja.

Halafu hilo tatizo lako la c na d developa yeyote mwenye uzoefu angelikamata kwenye mapitio ya msimbo. Hahitaji misalaba.

---

#5 Mzee_wa_Swichi

Kijana wa #4, nimefanya kazi kwenye mitambo ya simu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Acha nikupe kisa ambacho mapitio ya msimbo hayawezi kukikamata, na ni maarufu sana kwa watu wa fani yetu.

Asha amejiunga na huduma ya kuzuia: simu yake isiruhusu mtu yeyote wa nyumbani kumpigia Chande. Huduma hiyo imejaribiwa, inafanya kazi. Baraka naye amejiunga na huduma ya kuhamisha: simu zote zinazomjia ziende kwa Chande. Imejaribiwa, inafanya kazi. Mtu wa nyumbani kwa Asha anampigia Baraka. Kizuizi kinaangalia: Baraka si Chande, pita. Simu inafika kwa Baraka, inahamishwa, Chande anapokea.

Nani amekosea? Hakuna. Pitia msimbo wa kuzuia mpaka macho yaume, hutaona kosa. Pitia wa kuhamisha, hutaona kosa. Kosa liko kati yao, na pale katikati hakuna msimbo wa kupitia. Mambo ya huduma kuingiliana namna hii yaliwatesa watu wa simu mpaka yakawa na mikutano yake ya kitaalamu tangu miaka ya 1990 mwanzoni, kwa sababu kila huduma mpya ilibidi ipimwe dhidi ya zote zilizokuwepo, na idadi ya jozi inaongezeka kuliko idadi ya huduma. Huduma 10 zina jozi 45. Huduma 100 zina jozi 4,950. Hapo hatujahesabu tatu-tatu.

Na huo mchoro wa mfuatano mnaouita wa UML, asili yake kubwa ni kwetu. ITU walichapisha kiwango cha chati za meseji, Z.120, mwaka 1993, kitumike bega kwa bega na SDL, lugha ya kueleza mifumo ya simu. UML 2 ilipotoka 2005, zile fremu za "chaguo", "rudia" na "sambamba" zilitoka kwenye chati hizo. Kwa hiyo mkiambiwa ni mambo ya chuoni, kumbukeni kwamba simu zenu ziliunganishwa na watu waliochora hivyo.

Ninalokubaliana nalo kwa mleta uzi ni kwamba chati za meseji zilitusaidia tukishajua nani anaongea na nani. Kabla ya hapo zilikuwa zinatuharakisha.

---

#6 BintiMiamala

Shikamoo Mzee.

Mimi niko upande wa majaribio, kwa hiyo nitasema kinachonihusu. Nikiletewa maelezo ya maandishi, kurasa thelathini za "mfumo utaruhusu mtumiaji ku...", nabuni majaribio kwa kubahatisha. Nikiletewa ramani ya njia, nahesabu. Kila tawi lisilo na kijiti linanipa majaribio angalau mawili. Kila kijiti cha kuungana kinanipa jaribio la "mmoja akichelewa je". Kila mahali mistari miwili inakatana ndani ya sanduku moja, jaribio la kuzikimbiza pamoja. Simalizi yote, ila najua nimeacha nini.

Ule mfano wa mkopo kwenye #1 nimeuona kwa macho kwenye kampuni moja niliyopitia, jina tuliache. Timu ya mikopo na timu ya mawakala kila moja ilikuwa na majaribio yake yanapita kijani kibichi. Hakuna aliyekuwa na jaribio la vyote viwili kwa sababu hakuna aliyekuwa na karatasi yenye vyote viwili.

Kaka wa #4, ni kweli developa mzoefu angelikamata *akiona c na d na ukataji wa deni pamoja*. Msimbo huo uko kwenye hazina (ghala la kutunzia msimbo) mbili tofauti, na anayepitia moja haoni nyingine.

---

#7 Msimbo_Hausemi_Uongo

Hoja ya Asha na Chande nimeipokea, Mzee. Shikamoo.

Lakini bado nina swali ambalo mleta uzi amelikwepa. Leo tuna ufuatiliaji wa maombi. Google walitoa karatasi yao ya Dapper mwaka 2010, baadaye zikaja zana za Jaeger na OpenTelemetry. Kila ombi linapewa kitambulisho tangu linapoingia, kila huduma inakiandika, mwisho unaletewa njia nzima kwenye skrini: lilipita wapi, lilikaa muda gani, liliangukia wapi. Na njia hiyo haidanganyi kwa sababu imetoka kwenye mfumo unaokimbia, haikutoka kichwani mwa mtu. Sasa nichore kwa mkono kwa faida gani?

---

#8 Mchora_Njia

Hii ndiyo pingamizi niliyokuwa naisubiri, na ni nzito.

Tresi, yaani hiyo njia iliyorekodiwa ya ombi, natumia na sitaki kuishi bila yake. Ila inakupa kilichotokea tu. Ukiwa na tresi milioni za kutoa pesa zilizofanikiwa, hakuna hata moja inayokuambia deni *lingeweza* kupita katikati. Itakuambia siku likipita, na siku hiyo mteja yuko dirishani amenuna. Pia tresi inahitaji mfumo uwepo. Sisi tunabishana hapa kuhusu mfumo ambao bado ni wazo na bajeti.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho watu hawakisemi: tresi inafuata ombi moja. Sehemu ngumu za mfumo hazimo ndani ya ombi moja, zimo kati ya maombi mawili yasiyojuana. Mteja sesheni ya USSD (ile menyu ya nyota na reli) imemkatikia baada ya kuweka namba ya siri, hajui kama pesa imetoka, anapiga tena. Kwa mfumo hayo ni maombi mawili, tresi mbili safi. Kwa mteja ni kisa kimoja. Anayechora kwa kumfuata mteja atavuta mstari mmoja unaorudi kwenye kitone, na atajiuliza: ombi la pili linajulikanaje kuwa ni la kwanza lililorudiwa? Ndipo mnapokumbuka kuliwekea ombi namba ya kipekee, na kuamua nani anaitoa, maana simu ya kitochi haitaitoa.

Kuhusu mchoro kuzeeka uko sahihi kabisa. Ninachofanya mimi: ramani ninayoihifadhi ni ile ya juu tu, yenye almasi nyingi. Za chini zinachorwa ubaoni, zikishamaliza kazi zinafutwa. Siwatunzii michoro, nawatunzia majaribio yaliyotokana nayo.

---

#9 Mkisauni

Salamu kutoka Mombasa, ndugu zangu. Nondo zinashuka, nami niongeze jambo ambalo halijaguswa.

Michoro yote mliyoitaja ina utata mmoja wa hatari. Ukinionyesha kisa kimechorwa, unaniambia *kinaweza* kutokea au *ni lazima* kitokee? Mchoro wa mfuatano wa kawaida haukwambii. Mwenye biashara anausoma kama ahadi, developa anausoma kama mfano. Wote wanatia saini, wote wameridhika, ugomvi unakuja wakati wa kukabidhi.

Werner Damm na David Harel ndio waliolitilia mkazo hili, na makala yao ya chati hai za mfuatano ikatoka kwenye jarida 2001. Harel ndiye yuleyule aliyekuja na chati za hali (michoro ya hali ambazo mfumo unaweza kuwa nazo) mwaka 1987, baada ya kukaa na wahandisi wa ndege waliokuwa wanashindwa kuelezana ndege inafanya nini rubani akibonyeza kitufe fulani. Kwenye chati hai, fremu ya mstari mkavu inamaanisha kisa hiki ni sheria kwa kila ukimbizaji wa mfumo. Fremu ya nukta-nukta inamaanisha ni mfano, angalau mara moja kinaweza kutokea. Ndani yake kila meseji na kila sharti lina joto lake: la moto ni lazima, la baridi ni huenda. Sharti la baridi likivunjika unatoka kwenye kisa kwa amani. La moto likivunjika, mfumo umekosea.

Na juu ya chati kunakuwa na kipande cha utangulizi: *ikiwa* haya yametokea, *basi* yafuatayo ni lazima. Kwa hapa kwetu: ikiwa pesa imekatwa kwenye salio la mteja, basi ni lazima ama mpokeaji aipate ama irudi. Hiyo ni ya moto. Meseji kufika ndani ya sekunde kadhaa, baridi. Mkurugenzi anaielewa hiyo bila kusoma hata mstari mmoja wa msimbo.

Walifika mbali zaidi, Harel na Rami Marelly: unachezea skrini ya mfano kwa kubonyeza, chombo kinajichorea kisa, kisha kinaendesha visa vyote kwa pamoja kana kwamba ndio mfumo wenyewe. Sijaona mtu wa huku anayejenga hivyo kazini. Ila tofauti ya lazima na huenda naitumia kila kikao, kwa kalamu nyekundu na ya bluu.

---

#10 Nadharia_Tu

Mkisauni amefungua mlango, mimi napitisha kimoja.

Hata visa vyako vyote vikiwa sahihi na vimekamilika, ukivijenga vinaweza kuzaa kisa ambacho hakuna aliyekichora. Rajeev Alur, Kousha Etessami na Mihalis Yannakakis walilionyesha hili kwa hisabati mwaka 2000.

Chukua madawati mawili ya kupanga makato, D1 na D2, na seva mbili zinazotunza bei, moja Dar na moja Mwanza. Kisa cha kwanza: D1 anapeleka bei mpya Dar na Mwanza, kisha D2 anapeleka yake kote kuwili. Kisa cha pili: D2 anatangulia, D1 anafuata. Katika visa vyote viwili seva zinaishia na bei moja. Safi.

Sasa tazama kwa jicho la kila sehemu peke yake. Dar anapokea ya D1 kisha ya D2: kwake ni kisa cha kwanza, halali. Mwanza anapokea ya D2 kisha ya D1: kwake ni kisa cha pili, halali. D1 ametuma mbili, D2 ametuma mbili, hakuna aliyekiuka. Lakini Dar ina bei ya D2 na Mwanza ina bei ya D1. Kila mmoja ametii mchoro na mfumo umeharibika.

Kwa hiyo mchora visa asilale usingizi. Visa havitoshi, lazima mtu aulize kila sehemu inaona nini kutoka pale iliposimama.

---

#11 Kiti_cha_Mbele

Dah, hapo kwa #10 nimesoma mara mbili nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo 😂

Wakuu, zana je? Nichoree wapi?

---

#12 Mchora_Njia

Kwa ramani za visa ipo jUCMNav, imetoka Chuo Kikuu cha Ottawa, ni programu huria inayokaa ndani ya Eclipse, programu ya kuandikia msimbo. Sura yake ni ya kizamani, ila ina jambo moja ambalo ubao hauna: unatoa thamani za mwanzo, mfano "salio halitoshi, mkopo upo", inakukimbizia ramani na kuipaka rangi njia iliyopitwa. Ikikwama mahali, hapo ndipo ulipoacha pengo.

Kwa michoro ya mfuatano tumia PlantUML au Mermaid. Unaandika maandishi, yanageuka mchoro, unaweka kwenye hazina pamoja na msimbo. GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, wanaonyesha Mermaid moja kwa moja tangu 2022. Hiyo inajibu nusu ya malalamiko ya ndugu wa #4 kuhusu michoro kuzeeka, kwa sababu mchoro unapitiwa pamoja na mabadiliko.

Ukianza, anza na karatasi.

Na nisije nikaonekana nauza dawa ya magonjwa yote. Mfumo wa kuandikisha wanachama, fomu inaingia, rekodi inahifadhiwa, ripoti inatoka: usichore njia, chora majedwali. Ukiwa na hesabu ngumu ndani ya sehemu moja, ramani itaionyesha kama msalaba mmoja na haitakusaidia chochote. Na ukijaza njia nyingi kwenye karatasi moja inageuka tambi. Hapo ndipo almasi inapookoa, hasa almasi ya nukta-nukta, ambayo ndani yake kuna ramani zaidi ya moja na sharti la kuchagua ipi itumike. Makato ya wakala wa kawaida, makato ya wakala mkuu, ofa ya sikukuu. Ukiiona almasi ya namna hiyo uliza upesi sharti la kuchagua limeandikwa wapi na nani ana ruhusa ya kulibadilisha. Mara nyingi jibu ni "liko kwenye jedwali fulani, analijua mtu mmoja".

---

#13 BintiMiamala

Naomba mnikagulie hii. Kutoka pochi ya simu kwenda benki. ⏱ ni saa ya kusubiri, njia ya chini ni muda ukiisha.

●──✕g──✕h──⏱──✕i──✕j──┤
           ┗──✕k──✕m──┤

g: kata kwenye pochi
h: peleka ombi benki
⏱: subiri jibu la benki
i: funga muamala
j: meseji, "imefanikiwa"
k: rudisha pesa kwenye pochi
m: meseji, "imeshindikana"

---

#14 Mzee_wa_Swichi

Binti, imekaa vizuri. Sasa niambie: saa imelia, umepita k, pesa imerudi kwenye pochi. Dakika moja baadaye jibu la benki linafika: "imeingia". Jibu hilo linaangukia wapi?

---

#15 BintiMiamala

Halina njia. Linafika kwenye saa ambayo hakuna anayesubiri tena. Mteja ana pesa pochini na ana pesa benki.

---

#16 Mkisauni

Na ile sheria ya moto imevunjika upande wa pili: aliipata *na* ikarudi. "Ama" imekuwa "na".

---

#17 Msimbo_Hausemi_Uongo

Hapa naingia kwa mikono miwili, nimejenga viunganishi vya namna hii. Muda kuisha hakumaanishi imeshindikana. Kunamaanisha *hujui*. k haitakiwi kuwa pale kabisa. Saa ikilia, uliza hali kwa namba ileile ya ombi. Benki ikisema ilikataa, rudisha. Ikisema imeingia, funga. Isipojibu, pesa iende kwenye akaunti ya kusubiria, mteja aambiwe "muamala wako unashughulikiwa", usimwambie "imeshindikana".

---

#18 Mzee_wa_Swichi

Ndivyo. Na akaunti ya kusubiria haijifungui yenyewe. Usuluhishi wa mwisho wa siku, faili la benki dhidi ya leja yenu, hicho ni kisa kingine chenye kitone chake, kinachoanzishwa na saa badala ya mteja. Kichore karatasi hiyohiyo, maana nacho kinaingia kwenye leja.

---

#19 BintiMiamala

Sawa. Kwa hiyo baada ya ⏱ naweka msalaba wa "uliza hali", halafu matawi matatu bila kijiti, na njia ya usuluhishi inayoingia kwenye tawi la tatu. Jibu la benki lililochelewa nalo naliwekea kitone chake. Likikuta muamala umeshafungwa liandikwe na kuishia hapo, likikuta uko kwenye kusubiria liufunge.

Hapo usuluhishi na jibu lililochelewa wanaweza kukutana kwenye muamala mmoja, eh?

---

#20 Mchora_Njia

Wanakutana, ndiyo. "Angalia uko kwenye hali gani" na "ufunge" viwe msalaba mmoja kwenye njia zote mbili, kama c na d za kule juu. Ukipandisha mchoro mpya uweke na masanduku, hapa hatuoni mpaka wa leja uko wapi.

---

#21 Msimbo_Hausemi_Uongo

Tupia, nitaupitia upande wa leja. Nitakuja na tresi zangu pia, msinizuie.